Waliohemea na Walioandikwa

"Mama Yohane, hicho kihenge chako kimejaa nini?"

Ritha aliuliza hivyo akiwa amesimama nje ya ua, mkono kiunoni, kama mtu anayeuliza umeamkaje. Ilikuwa Oktoba ya mwaka tisini na mbili, na ardhi ya Mlali ilikuwa imekauka mpaka kuku akichakura haokoti kitu ila vumbi. Klara alikuwa na tabia ya kuyachambua maneno ya watu kabla ya kuyajibu, kama mtu anavyochambua mchele kabla ya kuutia jikoni. Siku hiyo hakuona kokoto.

"Mbegu," alijibu. "Mtama wa lugugu, na majivu, na majani ya mwarobaini. Ukitamani kuula huo, utaharisha mpaka Pasaka."

Wakacheka wote wawili. Ritha akaomba chumvi, akapewa, akaenda zake. Siku ya tatu ndipo ilipojulikana kwamba Ritha amechaguliwa mjumbe wa kamati ya chakula cha msaada, na kwamba kazi ya kwanza ya kamati ilikuwa kujua nani ana nini ndani.

Kihenge chenyewe kilisimama kando ya jiko, kimesukwa kwa fito na kukandikwa kinyesi cha ng'ombe, kikipata moshi asubuhi na jioni. Katika kijiji kile kihenge ndicho kilichokuwa hakimu wa nyumba. Ikija posa, shangazi wa binti alikwenda kwa mwoaji kama mgeni wa kawaida, akakaa, akaongea habari za mvua, na wakati wa kuaga akakipiga kihenge kofi moja kwa kiganja. Kikiitika kwa sauti nzito, mahari ilizungumzwa. Kikilia kama ngoma, shangazi alishukuru kwa maji ya kunywa, na habari ya ndoa ikafia hapo hapo. Klara mwenyewe aliolewa kwa sauti ya kihenge hiki. Mama wa mumewe, Methodi, alimkabidhi siku ya tatu ya harusi, akamwambia, "Ikibidi kula nguo zako, mwanangu. Hiki usikile."

Na hajakila, miaka thelathini na miwili.


Bwana Fabian alikuja na gari jeupe la shirika, akiwa na ubao wa kuandikia uliobanwa fomu, na viatu vyeusi alivyovipangusa kwa kitambaa kila baada ya nyumba mbili. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini. Nyuma yake walifuata Thobias, mwenyekiti wa kijiji, na Ritha, ambaye ghafla alikuwa hajui kumtazama jirani yake usoni.

"Habari za hapa?" alisema Bwana Fabian.

"Marahaba," alijibu Klara.

Thobias alikohoa kuficha kicheko. Bwana Fabian hakuona kitu. Alikwishaanza kuandika.

"Kaya ina watu wangapi?"

"Wanne. Mimi, mkwe wangu Shamila, na mwanawe wa miezi mitano. Na mume wangu Methodi. Mwanangu Yohane yuko Dodoma, anabeba matofali. Huyo tusimhesabu, hata yeye hajihesabu."

"Mume yuko wapi?"

"Amekwenda kuhemea Kibakwe."

"Kufanya nini?"

"Kuhemea."

Bwana Fabian akamgeukia Thobias kama mtu aliyesemeshwa lugha ya ndege. Thobias akaeleza kwa unyenyekevu kwamba ni desturi: mwaka wa njaa watu wa huku huenda kwa watu wa mlimani wakiwa na mbuzi au nguvu za mikono, wakarudi na mahindi.

"Kwa hiyo ana uwezo wa kununua," alisema Bwana Fabian, akaandika. "Halafu hayupo. Asiyekuwepo hahesabiwi."

"Angekaa hapa akalala, ungemwandika?"

"Angekuwepo, ndiyo mama."

"Kumbe," alisema Klara, "anayelala ndiye mwenye njaa. Aliyeamka kuitafutia dawa ni tajiri."

"Mama, vigezo si vyangu." Bwana Fabian aliinama akaingia ndani, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kihenge, kama mtu aliyeelekezwa. Alikipiga kwa kiganja, kofi moja, vile vile kama shangazi wa zamani. Kihenge kikaitika kwa sauti nzito.

"Kuna chakula humu."

"Kuna mbegu."

"Fomu ina mahali pawili tu. Nafaka ipo, nafaka haipo. Mbegu ni nafaka."

"Na mtoto huyu wa Shamila ni mtu," alisema Klara. "Mbona humpi jembe?"

Ritha alitazama dari. Bwana Fabian akaweka alama, akatoka nje kupangusa viatu.

Thobias alibaki nyuma, akashusha sauti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kila serikali, na kila serikali ilimkuta yupo. "Mama Yohane, nisikilize. Keshokutwa wanarudi kuhakiki. Kivunje. Kisage, kifukie, kimwage, mimi sijui. Kila kaya itapata gunia zima la mahindi kabla ya Krismasi, na mengine baadaye. Mimi changu nimekivunja jana."

"Na mbegu yako?"

"Tumeila usiku ule ule," alisema Thobias. "Ilikuwa chungu."


Kwa siku mbili Mlali ilisikika kama kijiji kinachojengwa, kumbe kinabomolewa. Fito zilikatika kila upande. Watu ambao mwaka jana walikuwa wakigombana nani ana kihenge kirefu, sasa waligombana nani hana kabisa. Mmoja aliezua bati mbili za nyumba yake ili jua liingie mpaka kitandani na mhakiki aone huruma. Mwingine aliwavua watoto mashati, akawapanga mlangoni, akawakataza kucheza. Mzee mzima wa kanisa, msomaji wa somo la kwanza, alifukia magunia mawili ya uwele chini ya zizi, na Jumapili akasimama akasoma habari za Yusufu na ghala za Farao bila kukosea hata neno moja. Klara alikuwa kiti cha tatu kutoka mbele. Alimtazama mpaka mwisho wa somo, kisha akasema "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Methodi alirudi jioni ile, punda wawili wa kuazima mbele yake, gunia moja moja mgongoni, na nyufa za nyayo zake zikitoka damu. Alikuwa ametembea siku nne kwenda na nne kurudi. Shamila alimpa maji, akamwamkia, akaketi na mtoto wake kifuani kusikiliza.

"Mbuzi watano," alisema Methodi. "Magunia mawili. Mwaka wa shida wa nyuma mbuzi watano wangenipa magunia matano, ila nilifika nimechoka nao wakaliona hilo. Na utani wao juu! 'Wagogo mmeshafika, mnaomba?' Nikawaambia, siombi, nahemea. Mwombaji huja na kiganja, mwenye kuhemea huja na mbuzi. Wakacheka, wakanikaribisha ugali."

"Mahindi yapo huko?" aliuliza Klara.

"Yapo? Yanaliwa na dumuzi ghalani, mke wangu! Unakumbuka Abdulrazaki, yule mwenye lori wa Mpwapwa mjini, ambaye babu yake alikuja na misafara ya pembe? Amejaza ghala Kibakwe mpaka mlango haufungi. Siku hizi hakuna kibali, hakuna mgambo wa kumshusha gunia njiani. Kwa lori ni siku moja mpaka hapa. Lakini haleti."

"Kwa nini haleti?"

"Redio imesema ya bure yanakuja. Aliniambia hivi: 'Mzee Methodi, mimi nashindana na matajiri wa Dodoma, nashindana na panya, nilishashindana hata na serikali. Bure sishindani nayo.'"

"Na hayo ya bure yako wapi?"

"Yako baharini," alisema Methodi.

Klara akamweleza habari za fomu. Alieleza taratibu, bila kuongeza chumvi, na alipofika mahali pa mume mwenye uwezo wa kununua, Methodi alitazama nyayo zake. Kisha akasimama, akachukua mchi wa kinu, akaenda kwenye kihenge.

"Methodi."

"Watu wote wamevunja."

"Watu wote watapanda nini?"

"Watu wote watakula kwanza! Magunia mawili, watu wanne, na huyu ananyonyesha. Yataisha Krismasi. Baada ya hapo utatupikia nini, msimamo wako?"

"Nitawapikia mlenda. Nitauza kitanda. Nitauza kitenge changu cha kanisani, nitasali nimejifunga kanga. Mungu ananijua bila kitenge. Lakini mvua ikinyesha nami sina mbegu, Methodi, hapo ndipo tutakuwa waombaji. Mwaka huu, na mwakani, na mwaka wa kesho yake. Kijana yule atakuwa anakuja kutuhesabu kama mbuzi, na tutakuwa tunajipanga wenyewe."

Methodi aliinua mchi. Shamila akamfunika mtoto uso, kama vile kinachovunjwa ni mtu. Mchi ukabaki juu. Kisha Methodi akaushusha polepole, akauegemeza ukutani, akakipiga kihenge kwa kiganja, kofi moja. Kikaitika.

"Mama alikuwa mkorofi," alisema, akaenda kulala.

Kesho yake kamati ilikuta kihenge kimesimama na magunia mawili yameongezeka. Bwana Fabian alichora mstari juu ya jina la Methodi. Akautazama, akaona hautoshi, akachora wa pili.


Krismasi ilifika, meli haikufika. Waliosema meli imezama walikuwepo, na waliosema imekamatwa. Ukweli ulikuwa mdogo kuliko hayo: ilikuwa bado inapakiwa. Kwa kuwa kila mtu alijua ya bure yanakuja, hakuna mfanyabiashara aliyeleta hata debe la kuuza, na kaya zilizoandikwa zilikaa na majina yao safi kwenye fomu, zikichemsha mizizi. Zile mbegu zilizoliwa Oktoba zilikuwa zimekwisha kusahaulika tumboni.

Nyumbani kwa Klara kipimo kilikuwa kibaba kimoja kwa siku. Kitanda kiliuzwa, kitenge kikafuata. Februari maziwa ya Shamila yalikauka. Mtoto alinywa uji mwepesi unaoonyesha kijiko mpaka chini, na usiku alikuwa halii tena, jambo lililomtisha Klara kuliko kilio. Alikaa naye akisali rozari, akihesabu pumzi za mtoto badala ya punje. Hakufa. Mungu alimwacha aishi, ila macho yake yakawa makubwa kuliko uso.

Lakini mvua ilikuwa imenyesha. Ilianguka siku ya Watoto Mashahidi, siku tatu baada ya Krismasi, na Klara alifungua kihenge asubuhi yake. Kabla jua halijawa kali, Ritha alikuwa amesimama pale pale nje ya ua, bakuli mkononi, na safari hii mkono haukuwa kiunoni.

"Dada," alisema.

"Kihenge changu kimejaa nini, Ritha?"

Ritha alitazama chini. "Mbegu, dada."

"Sema tena, sikio hili halisikii vizuri."

"Mbegu."

Klara akampimia nusu debe. Hakumpa kwa furaha, akaungama hilo kwa padri baadaye, lakini alimpa. Alimpa Thobias pia, na mzee wa somo la kwanza. Nusu debe haitoshi shamba, inatosha kumkumbusha mtu. Mashamba yao yaliota mabaka mabaka kama kichwa chenye mapunye. La Klara lilijaa toka mpaka hadi mpaka, na lugugu, mtama usioogopa jua, ukainamisha vichwa vyekundu mwezi wa Mei.

Mahindi ya msaada yalifika wiki ya pili ya Juni, watu wakiwa shambani wanakata mtama.

Yalikuwa ya manjano, na yalifika juu ya lori la Abdulrazaki. Klara alimkuta ameegemea bodi, barakashia imesukumwa nyuma ya kichwa.

"Shikamoo mama Yohane."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kununua mtama wetu?"

"Nimwuzie nani, mama? Nani atanunua mtama na haya yapo?" Alipiga gunia teke dogo. "Haya yamenifungia ghala, na sasa wananilipa niyabebe kutoka stesheni. Ndiyo nimechukua kazi ya kumchimbia kaburi marehemu, na marehemu ni mimi."


Siku hiyo hiyo Bwana Fabian aliliona shamba la Klara. Alisimamisha gari, akashuka, akalitazama kama mtu aliyeokota pochi.

"Hili ndilo tulikuwa tunalitafuta. Mlengwa wetu hapa ni nani?"

Thobias hakusita hata kidogo. "Huyu mama."

"Shikamoo mama!" alisema Bwana Fabian, akiinama.

"Hiyo nilishaijibu Oktoba," alisema Klara.

Jambo lilikuwa hivi. Mgeni mkubwa wa wafadhili anakuja Alhamisi. Atataka kuona matokeo. Shamba hili litawekwa bango la shirika, lenye picha ya mikono miwili inayoshikana, na mama atasimama uwanjani aseme neno la shukrani. Jina la kaya litarudishwa kwenye orodha: magunia manne papo hapo, na mwakani wa kwanza kuandikwa. Bwana Fabian alimvisha Methodi kofia mpya ya kitambaa yenye mikono ile ile kwenye paji, kwa mkono wake mwenyewe, kama askofu.

Methodi hakuivua hata wakati wa kula.

"Ni maneno mawili tu, mke wangu," alisema jioni, sauti ikiwa chini. "Asante sana. Hata mlevi akipishwa njia huyasema. Mtama hauna mnunuzi, mbuzi hatuna, mtoto umemwona. Magunia manne, Klara. Mimi sitembei tena siku nane na miguu hii."

Klara alimtazama, na kwa mara ya kwanza katika shida yote ile machozi yalimkaribia. "Nitasema ninachokijua," alisema.

Alhamisi uwanja wa shule ulijaa. Bango lilikwisha kuchomekwa shambani, nguzo zake mbili zimekanyaga mashina sita ya mtama, Klara aliyahesabu. Mgeni alikuwa mama wa Kizungu mwenye kofia pana na uso wa mtu mwema, akitabasamu kwa kila kitu, hata mbuzi. Magunia yalipangwa mbele, moja juu ya mzani. Thobias aliita, "Mzee Methodi na mkewe!" Wakasimama mbele ya watu, Methodi na kofia yake.

Klara alimgeukia Bwana Fabian, aliyekuwa mkalimani, akafungua kinywa bila haraka.

"Mwambie mgeni nimemwamkia. Mwambie mahindi yake tumeyaona. Kibakwe yalikuwepo mahindi, siku moja kwa lori, na mengi yameozea ghalani. Fedha ya meli ingeyanunua hayo, na Novemba tungekuwa tunakula. Mkulima wa Kibakwe angeuza, mwenye lori angepata mzigo, na mkwe wangu hangekauka maziwa. Sasa yamekuja njaa ikiwa imeaga, na mtama wetu umekosa thamani. Shamba hilo lenye bango ni mbegu ya mama mkwe wangu, na kwa mbegu hiyo tulifutwa. Mwulize: mwakani atanunua Kibakwe, au ataagiza meli tena?"

Bwana Fabian akamgeukia mgeni, akatabasamu, akasema maneno matatu ya Kiingereza. Mgeni akaweka mkono kifuani, akapiga makofi. Wajumbe wa kamati nao wakapiga makofi.

Klara hakujua Kiingereza. Lakini alijua kupima.

"Baba," alimwambia Bwana Fabian, "mimi nimekupa debe zima, wewe umempimia kibaba. Mengine umeyatia kihenge gani?"

Kicheko kililipuka upande wa lori. Kilikuwa cha Abdulrazaki, kikaambukiza uwanja. Bwana Fabian akasogea karibu, meno bado yako nje kwa ajili ya mgeni. "Mama, usiniharibie kazi. Chakula cha mfadhili lazima kitoke kwa mfadhili. Ndiyo sheria yao. Kibakwe haimo."

"Basi sema hivyo. Sema anayelishwa hapa ni mkulima wao."

"Huna shukrani! Waombaji mna maneno sana." Akachukua ubao wa fomu, akatoa kalamu. "Aseme asante sasa hivi, au jina linafutwa. Mwenyekiti!"

Thobias akamgeukia Methodi, jasho likimtoka. "Mzee mwenzangu, mwambie mkeo. Maneno mawili tu. Au yaseme wewe, tumalize."

Watu wote wakamtazama Methodi. Ritha alimtazama, Shamila alimtazama, na mtoto mgongoni kwa Shamila alimtazama kwa yale macho yake makubwa. Mgeni aliendelea kutabasamu, akingoja. Methodi alitazama magunia manne, moja moja, mpaka la mwisho. Midomo yake ilicheza kidogo, na Klara akaona kwamba mume wake anakwenda kusema, na kwamba hatamlaumu.

Methodi akavua kofia. Akaikunja mara mbili, vizuri, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima, akaiweka juu ya gunia lililokuwa mzanini. Mshale haukutikisika. Kisha akageuka, akapita katikati ya walioandikwa akichechemea, wakimpisha, akatoka uwanjani.